Supu ya Minji kwenye Barabara ya Ijara

Kutoka Thika hadi Garissa ni safari ya nusu siku kwa basi. Mimi nilitumia siku tatu, kwa sababu nilipanda lori la saruji, na kwa sababu dereva wa lori lile alikuwa mtu wa kushuka.

Alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, Msomali wa Garissa, ndevu zimepakwa hina, na hakuna jambo barabarani alilolipita bila kushuka kulitazama. Akisikia mlio, anashuka. Akiona turubai limelegea kidole kimoja, anashuka. Mbele ya Mwingi tulikuta mahali maji ya laga, mto wa msimu wa mvua, yamepita na kuacha tope juu ya lami. Akazima injini, akavua viatu, akatembea hadi ng'ambo, akarudi, akafuta miguu, akavaa viatu. Wakati huo mabasi mawili yalitupita. Nilimwambia kwa heshima kwamba waliotupita hawakuzama.

"Hao wanajua yao," alisema. "Mimi sijui, ndiyo naangalia."

Tulipofika Ukasi giaboksi ikakataa, tukalala pale siku mbili tukingoja kipuri. Sikuwa na haraka ya kufika popote. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu na nilikuwa nimeishi Nakuru, Kitale, Voi na Thika, kila mahali miaka miwili au pungufu, na kila nilipohama nilianza kupakumbuka kabla basi halijafika mji wa pili. Mzee aliniuliza najua kazi gani. Nikamwambia nimemaliza kidato cha nne na ninaandika Kiingereza. Akanitazama kama alivyotazama lile tope, halafu akasema yadi yao inatafuta mtu kama huyo, kwa sababu madereva wengi hawaandiki na kampuni inataka karatasi.

Ndivyo nilivyopata kazi. Yadi ilikuwa ua wa mabati karibu na soko la mifugo, na malori yake yalikwenda Ijara, Dadaab, Wajir, hadi Bute. Makao makuu yalikuwa Nairobi. Kanuni ilikuwa moja: dereva akipata ajali, hata ya kuvunja kioo cha pembeni tu, aandike maelezo kwa Kiingereza ndani ya siku tatu, aweke sahihi au kidole, yapigwe picha na kutumwa kwa simu. Mimi ndiye nilikuwa Kiingereza chao. Waliniita mwalimu, ingawa sijawahi kufundisha hata kuku. Dereva anakaa kwenye mtungi mtupu wa mafuta, anaeleza kwa Kiswahili chake, mimi naandika.

Sasa lazima nieleze kuhusu ile supu, na nikianza kuieleza damu inanichemka.

Nimezaliwa Kinangop. Huko ukungu si habari. Mwezi wa saba unashuka kutoka msituni alfajiri na unakaa hadi saa nne, na sisi watoto tulikwenda shule tukishikana mikono kama vipofu, wa mbele akigonga ua wa jirani kwa fimbo ili tujue tulipo. Darasani ulikuwa ukiingia kupitia madirisha yasiyo na vioo. Kama kuna watu duniani waliokuwa na haki ya kuuelezea ukungu kwa maneno yao, ni sisi.

Lakini mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na orodha. Alituambia msahihishaji wa mtihani hapendi insha kavu, anapenda pambo, na pambo la ukungu lilikuwa tayari, limeletwa na Waingereza, kazi yetu ni kulikariri. Ukungu mzito kama supu ya minji. Ukungu mzito kama uji uliolala. Ukungu wa kukatwa kwa kisu kama siagi. Yote ni vyakula, sijui kwa nini. Labda waliotunga walikuwa na njaa. Nilipoandika kwamba ukungu ulikuwa kama moshi wa kuni mbichi jikoni kwa mama, alinipigia mstari mwekundu na kuandika juu yake: supu.

Na hakuna hata mmoja darasani aliyewahi kuiona supu hiyo. Minji, yaani njegere, tulikuwa nazo, zilijaa mashambani, lakini ziliingia magunia zikapanda lori la dalali kwenda Nairobi. Zilizobaki zilipikwa na viazi. Hakuna mama wa Kinangop aliyewahi kuziponda minji akazigeuza supu, na kama angefanya hivyo, baba angeuliza nani mgonjwa. Lakini tulikariri. Nilipata alama nzuri ya insha, alama pekee nzuri niliyowahi kupata, na tangu siku hiyo ile supu ilikaa kichwani mwangu ikingoja kutumika.

Garissa niliitumia. Mwaka wangu wa kwanza dereva mmoja alipinduka karibu na Bute katika vumbi. Alinieleza upepo ulivyoanza na jinsi alivyosikia mchanga ukigonga mlango. Niliandika kwamba vumbi lilikuwa zito kama supu ya minji. Miezi michache baadaye mwingine aligonga ng'ombe njia ya Dadaab, mtu alikuwa amechoma takataka na moshi umefunika barabara. Supu ya minji. Niliona nimeandika vizuri. Niliwasomea, wakaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, kwa sababu ilisikika kama Kiingereza cha ofisini. Yule wa Bute hakurudi kazini, nikadhani amepata lori lingine. Sikuuliza.

Halafu mwezi wa kumi na moja mvua zikaja kwa nguvu, Mto Tana ukajaa, na yule mzee aliyenileta Garissa akaingiza lori mtaroni kwenye barabara ya Ijara.

Alikuwa anarudi bila mzigo, ameshateremsha mchele na maharagwe ya shule. Hakuumia. Lori lilivunjika ekseli na mlango ukapinda. Alifika yadi amepandishwa kwenye lori la mwingine, kikoi kimejaa tope hadi magotini, na akaniambia kulikuwa na ukungu.

Nilicheka. Nasema ukweli, nilicheka. Nilimwambia, mzee, mimi nimezaliwa ndani ya ukungu, hapa hakuna ukungu, hapa kuna vumbi na jua. Hakucheka. Alisema kwamba ardhi ilikuwa imelowa, mto uko karibu, na asubuhi ile kulikuwa na baridi, na kitu cheupe kilitoka chini, si juu. Alisema kilikuwa kama maziwa ya ngamia yakiwa yametoka kukamuliwa, bado na povu, mtu ameyamwaga kwenye kioo. Halafu akaanza kunieleza mambo mengi ya kushuka na kupanda, kushuka na kupanda, hadi nikachoka. Niliona yanarefusha karatasi bure. Mtu akishasema ukungu ulikuwa mzito, amemaliza.

Na wacha nikiri kilichonipata. Baada ya vumbi na moshi, kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeletewa ukungu wenyewe. Niliandika ile sentensi kwa raha, mkono hata haukusita: ukungu ulikuwa mzito kama supu ya minji na dereva hakuweza kuona mbele. Mistari sita yote kwa jumla. Mzee akabonyeza kidole. Tukapiga picha, tukatuma.

Wiki ile ile meneja akaja kutoka Nairobi. Madereva walijua maana yake. Kufukuzwa kwa ajali si kitu kikubwa pale. Unakaa nyumbani mwezi mmoja, yadi nyingine inakuita. Lakini kufukuzwa kwa uongo ni kufungiwa kila yadi kutoka Garissa hadi Bute, kwa sababu pale dereva anapewa lori la mtu kwa neno lake tu. Mzee alikuwa na miaka kumi na minane kwenye usukani. Hakuwa na mifugo, mifugo ya baba yake iliisha kwa ukame. Alikuwa na neno lake na ule usukani.

Meneja alikuwa kijana kuniliko, mtu wa bara kama mimi, mpole wa sauti. Alikaa mezani, mzee akakaa mbele yake, mimi nikasimama pembeni na faili. Aliyasoma maelezo kwa Kiingereza, halafu akamtafsiria kwa Kiswahili, na alipofika kwenye supu, mzee akainua uso.

"Subu?"

"Supu ya minji. Ndivyo umesema. Ukungu ulikuwa kama supu."

Lazima mtu aelewe supu ya Garissa. Ni maji ya mifupa ya mbuzi, yanaletwa kabla ya wali, unakamulia ndimu na kunywa yakiwa moto. Hakuna cha kutafuna ndani. Mzee aliifikiria kwa uaminifu wake wote, kama mtu aliyeapishwa.

"Hapana," alisema. "Subu ni maji. Ukiweka kwa bakuli unaona ile maua imechorwa chini. Kama ingekuwa subu mimi ningeona barabara."

"Kwa hivyo unakataa maelezo yako mwenyewe."

"Mimi sikatai. Nasema haikuwa subu. Ilikuwa maziwa."

Meneja alishusha kalamu. Aliuliza ni lipi sasa, supu au maziwa, na mzee akarudia kwamba ni maziwa, wallahi ni maziwa. Ndipo meneja akafungua begi na kutoa karatasi mbili zaidi. Niliutambua mwandiko wangu kabla hajaziweka mezani. Akasoma ya Bute, vumbi kama supu ya minji. Akasoma ya Dadaab, moshi kama supu ya minji. Akasema madereva watatu, barabara tatu, miezi tofauti, na supu moja; kwamba hapa kuna maneno watu wanapeana ya kufunika uzembe, na kwamba ukungu Garissa hajawahi kuusikia tangu azaliwe.

Mzee alinigeukia. Alinitazama muda mfupi tu, bila hasira, halafu akaangalia mbele.

Nilikuwa na sababu zangu za kunyamaza, na zote zilikuwa mbaya. Nilikuwa kibarua kwa mwaka na zaidi na meneja alikuwa amesema angetazama habari ya kuniajiri. Nilifikiri jambo litajimaliza lenyewe. Nilifikiri mzee atasema. Hakusema. Meneja alimwambia asubuhi atampa barua, na mzee akasimama, akasema sawa, akatoka.

Nilimfuata hadi langoni, nimekasirika, unaweza kuamini, nimemkasirikia yeye. Nilimuuliza kwa nini hakusema kwamba mimi ndiye niliyeandika.

"Mimi niliweka kidole," alisema. "Wewe ulinyamaza. Kila mtu na yake, mwalimu."

Akaenda zake kuswali alasiri.

Sikuwa na jioni nzuri. Nilimkasirikia mwalimu wangu wa Kinangop, ambaye labda ameshakufa. Niliwakasirikia Waingereza na njaa yao. Hata minji nilizikasirikia. Ilichukua muda mrefu kufika kwenye mtu aliyebaki.

Asubuhi nilimkuta meneja kwenye hoteli aliyolala, anakula anjera, zile chapati laini za Kisomali, na maini. Nilimwambia supu zote tatu ni zangu. Nilimweleza orodha, mtihani, mstari mwekundu. Nilitegemea atashangaa. Alitafuna hadi akamaliza.

"Mimi pia nilifundishwa hiyo supu," alisema. "Niliiandika kwenye mtihani. Ndiyo sababu nilijua ni uongo. Kila mtu niliyewahi kumsikia akiisema alikuwa hajaona kitu."

"Huyu aliona."

"Basi kwa nini hukuandika alichoona?"

Alinipa hadi adhuhuri. Alisema maelezo yaandikwe upya kwa Kiswahili, maneno ya mzee mwenyewe, yeye atayatafsiri. Kama ni uongo atauona. Na kuhusu yule wa Bute alisema, bila mimi kumuuliza, kwamba walimwachisha kwa karatasi ile.

Mzee alikuja, akakaa kwenye mtungi. Sijawahi kufanya kazi iliyoniudhi kama ile. Kila sentensi yake ilikuwa inanyoosha mkono kuomba pambo. Aliposema "kitu nyeupe" nilitaka kuandika pazia. Aliposema kimya, mkono wangu ulianza "kimya cha" kabla hajaendelea. Alikuwa akiona kalamu inakwenda zaidi ya mdomo wake na kunizuia.

"Nimesema nini?"

"Umesema kulikuwa kimya, mzee."

"Basi hiyo."

Na zile habari za kushuka na kupanda, ambazo mara ya kwanza niliziona za kurefusha karatasi, ndizo zilizokuwa maelezo yenyewe, na karatasi ilisema hivi, kwa maneno yake: Nilitoka Masalani, kule Ijara, baada ya swala ya alfajiri. Karibu na mto kikaja kitu cheupe kutoka chini, kama maziwa. Nikazima taa kubwa, zilinirudishia mwanga machoni. Nikatoa kichwa dirishani, sikuona gurudumu la mbele. Nikasimama. Nikashuka. Nikatembea mbele hatua thelathini nikigusa ukingo wa barabara kwa mguu. Nikarudi, nikaendesha hatua thelathini, nikasimama. Nikashuka tena. Nilifanya hivyo mara tano. Sikubaki mahali pamoja kwa sababu nyuma yangu nilisikia lori lingine na niliogopa litanigonga.

Kisha akasema, "Andika. Mara ya sita nilichoka, sikushuka. Ndiyo mara nilianguka."

Niliweka kalamu chini. Nilimwambia hilo tuliache. Nilimwambia mtu aliyeshuka mara tano ameshaonyesha uangalifu wa kutosha, na hiyo ya sita itamchomea. Nilimsihi kabisa. Alisubiri nimalize.

"Mwalimu, wewe ulikuwa kwa lori?"

"Sikuwa."

"Andika."

Niliandika. Meneja alisoma karatasi akiwa amesimama kando ya gari lake. Aliisoma mara mbili na akarudi kwenye mstari wa mwisho. Akamuuliza mzee kwa nini hakushuka mara ya sita. Mzee akasema miguu ilikuwa imelowa, alikuwa na baridi, na alifikiri sasa ameijua barabara. Meneja akakunja karatasi, akasema hakuna mtu anayetunga uongo halafu akajishtaki ndani yake. Alimpa onyo la maandishi na wiki mbili za kukaa nyumbani. Usukani ulibaki wake.

Kuhusu mimi hakupandisha sauti. Alisema kuanzia siku hiyo dereva akipata ajali atajirekodi kwenye simu, kwa lugha yoyote, na Nairobi watasikiliza. Hakuhitaji kunifukuza, ilikuwa tu kwamba kazi yangu haikuwepo tena.

Niliomba namba ya yule wa Bute. Ilinichukua siku nne kumpata, mtandao ulikuwa ukikatika. Nilimweleza yote, na kwamba meneja ameahidi kulifungua faili lake. Alisikiliza bila kunikatiza. Nyuma yake nilisikia mbuzi na watu wakibishana bei. Alisema yeye sasa anauza mbuzi sokoni kwa niaba ya shemeji yake, kwa sababu hakuna yadi iliyomtaka. Aliniuliza kama nakumbuka alichonieleza kuhusu mchanga kugonga mlango. Nikasema nakumbuka.

"Hiyo uliandika?"

"Sikuandika."

"Sawa," alisema, akakata simu. Sikusikia kwamba faili lake lilifunguliwa. Niliuliza mara mbili, nikaambiwa linashughulikiwa.

Wiki mbili baadaye nilifunga begi. Nilijua kwamba nikifika Mwingi nitaanza kuikumbuka Garissa, vumbi lake, mlio wa tuktuk, wali na ndizi, na jambo hilo liliniudhi mapema, kwa sababu safari hii sikustahili kukumbuka kwa utamu. Nilipita yadi kuaga. Madereva walikuwa wanapakia mchele wa Ijara. Mmoja aliniuliza kwa utani kama naenda kuandikia watu wa Nairobi, wenzake wakacheka, mimi pia nikacheka kidogo.

Mzee alikuwa juu ya mzigo anafunga turubai, siku yake ya kwanza kurudi. Nilimwambia nimekuja kumuaga, naenda, na sidhani nitarudi. Alisema nisubiri. Akanitupia ncha ya kamba, akaniambia nishike upande ule na nivute. Nikavuta. Akafunga fundo, akashuka, akazunguka lori lote akitazama magurudumu moja moja, akarudi mahali nilipokuwa bado nimeshika kamba.

"Achilia," alisema. "Imeshika."

Akanipa mkono, akapanda, akatoka langoni kuelekea Ijara. Mimi nikabeba begi langu, nikaenda steji.